Mengineyo

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa zahanati ameniambia niandike. Kila siku, mtoto amekohoa mara ngapi na hewa ilikuwaje. "Usiniletee habari ya 'anakohoa sana'," alisema. "Sana ndiyo ngapi?" Nikatazama viatu vyangu kama mwanafunzi aliyesahau jedwali la saba. Nimenunua daftari hili nikitoka kazini, na kwa kuwa mimi nikishashika kalamu sijui kuandika mstari mmoja nikatosheka, najua litageuka kuwa jambo jingine.

Basi, binti yangu ana miaka sita. Tunamwita Kifaranga kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, akaenea kwenye viganja viwili. Tunakaa vyumba viwili mwisho wa mtaa, chini kabisa, pale mtaro mkubwa unapoingia kwenye kalavati na kupita chini ya barabara. Nyuma yetu, hatua mia mbili, kuna jaa. Zamani lilikuwa shimo la kuchimbia udongo wa matofali. Udongo mzuri ukaisha, shimo likabaki, na mji mzima ukaanza kulilisha. Linawaka mchana na usiku bila mtu kuliwasha.

Kikohozi: mara kumi na tisa. Hewa: moshi.

Jumanne, 4 Machi

Kikohozi: kumi na nne. Moshi.

Jumatano, 5 Machi

Kikohozi: ishirini na mbili. Moshi mweusi, wa mpira. Nimefua shuka nikazianika, nilipozianua zilinuka kuliko kabla sijazifua. Nimezifua tena kwa hasira.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumeunda kamati, na furaha bado haijanitoka.

Tulikutana kwa Spika, kinyozi wetu. Anaitwa Spika kwa sababu ana spika mbili mlangoni na ya tatu kooni. Yeye ndiye mwenyekiti. Mimi ni katibu, maana nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, na watu wanaamini nikipiga chafya inatoka imechapwa. Walikuja watu arobaini. Waliokosa viti walisimama nje na kusikiliza kupitia dirishani.

Ajenda niliipanga mwenyewe, kama zinavyopangwa ajenda zote duniani: kufungua kikao, moshi, maandamano, mengineyo, kufunga kikao. Moshi tuliumaliza haraka, nani asiyeujua? Maandamano yalichukua saa nzima. Tulipofika kwenye mengineyo watu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao, ndipo Shangazi akanyoosha mkono.

Nimwandike vizuri Shangazi. Ni dada wa marehemu baba. Alinichukua nikiwa na miaka minne na hajawahi kunirudisha. Ni miaka ishirini na sita sasa anafanya kazi jaani, anaokota chupa, chuma na plastiki ngumu, anachambua, anauza. Jioni ananawa mikono kwa ndimu mpaka kwapani, kisha ndipo anamgusa Kifaranga.

Akauliza, "Mkishalifunga, taka zitakwenda wapi?"

"Swali zuri sana hilo, Shangazi," Spika akasema. "Zuri mno! Lakini muda umetutupa mkono, na hapa nina mteja."

Kweli alikuwa na mteja, amenyolewa upande mmoja tangu ajenda ya pili. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Kwenye kumbukumbu nikaandika: "Mjumbe mmoja alitaka kujua taka zitapelekwa wapi. Litajadiliwa kikao kijacho."

Nyumbani Shangazi hakuacha.

"Mgonjwa anatapika, nyie mnamziba mdomo," alisema.

"Shangazi, mtoto anakufa kwa moshi."

"Mimi simwoni? Simsikii? Nalala naye chumba kimoja." Akaketi. "Jaa haliwaki kwa sababu ni jaa. Linawaka kwa sababu maganda mabichi ya sokoni yanamwagwa juu ya karatasi na matambara, yanachemka humo ndani kama chungu kilichofunikwa. Upande wangu natenga. Upande wangu hauwaki. Njoo Jumapili uone kwa macho yako."

Nikasema nitakwenda.

Kikohozi: kumi na saba.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda jaani. Nilichora mabango kutwa. Nimepata kauli mbiu, na nimejipongeza mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kunipongeza: JAA LIMEJAA. Spika alipoisoma alipiga kofi kwenye kiti cha kunyolea mpaka kikazunguka. Shangazi hasomi haraka, lakini herufi kubwa anaziweza. Aliisoma akasema, "Kweli limejaa," akaenda kulala.

Kikohozi: ishirini.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha pili. Nilisoma kumbukumbu za kikao kilichopita kwa sauti, kama ilivyo desturi. Nilipofika kwenye "mjumbe mmoja" niliinua macho bila kutaka, nikakuta Shangazi ananitazama. Alirekebisha mtandio wake tu.

Baada ya kusoma kumbukumbu huja yatokanayo, na swali lake lilipaswa kuwa hapo. Lakini Spika aliruka moja kwa moja kwenye rangi ya fulana. Dakika arobaini! Wengine kijani, wengine nyeupe, mmoja akasema nyeupe itachafuka tukilala mbele ya malori, mwingine akamuuliza nani kasema tutalala. Ikapita kijani. Mengineyo hatukuyafikia kabisa. Niliandika: "Kwa sababu ya ufinyu wa muda, mengineyo yaliahirishwa."

Kikohozi: kumi na nane.

Jumatatu, 17 Machi

Siwezi kukaa. Nimepiga pasi nguo ambazo hazivaliwi. Kesho.

Jumanne, 18 Machi

Watu mia nne! Mia nne, na walioacha majiko na waliokuja wamenyolewa nusu. Yule mteja wa Spika wa kikao cha kwanza alikuja na leo upande mmoja, sijui ni bahati yake au ni Spika tu. Tulikaa chini mbele ya geti la jaa, malori sita yakasimama foleni na maji machafu yanachuruzika chini yao. Spika alinipa kipaza sauti. Nilisema JAA, wakajibu LIMEJAA. Nikasema tena. Sauti yangu ilikwenda ikagonga ukuta wa ghala ikanirudia, na sijawahi kujiona mrefu vile maishani mwangu. Kifaranga alikuwa mabegani mwa Spika, kitambaa mdomoni, anapiga makofi.

Saa sita akaja Bwana Afya wa halmashauri, mtu mwembamba mwenye faili. Hakukasirika. Aliuliza swali moja.

"Mna pendekezo?"

"Pendekezo letu ni lifungwe!" Spika akanguruma, na watu wakashangilia mpaka Bwana Afya akafunga faili lake.

Shangazi hakuwa nasi. Alikuwa ndani ya geti, kazini. Nilimwona kwa mbali ameinama, hakuinua kichwa.

Kikohozi: sikuhesabu.

Jumatatu, 24 Machi

Wamelifunga. Mnyororo mnene kama mkono wangu, na kufuli, na tangazo lenye muhuri. Wamemwaga kifusi juu ya moto. Watu wanakumbatiana barabarani. Spika amenyoa bure mpaka mashine ikazima.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Shangazi anakunja magunia yake, moja juu ya jingine, anayasawazisha kwa kiganja kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nilitaka kusema neno, nikaosha vyombo.

Kikohozi: kumi na mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua ya kwanza. Hewa imeoshwa. Kikohozi: mara mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Kikohozi: HAKUNA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili muuguzi asiikose. Kifaranga alikimbia kutoka kisimani mpaka mlangoni akafika anacheka badala ya kuhema, nami nikaegemea ukuta nikalia. Heri yote yaliyotokea. Ndivyo nilivyosema moyoni, heri yote.

Ijumaa, 4 Aprili

Kikohozi: hakuna. Mvua. Lori la taka halijapita wiki mbili. Halmashauri inasema mpango wa eneo jipya "uko kwenye mchakato".

Jumatatu, 7 Aprili

Mifuko imeanza kuota kwenye kona ya mtaro. Naandika "kuota" kwa sababu hakuna anayeitupa. Muulize yeyote, si yake. Jana ilikuwa saba, leo sijui. Inazaliana yenyewe.

Jioni kulikuwa na kikao cha pongezi. Hotuba tano. Spika alisema tumeandika historia. Nilipomnong'oneza kwamba ajenda ya nne bado, alinijibu pembeni ya mdomo, "Katibu, leo ni siku ya furaha, usituletee maiti harusini." Nikapiga makofi na wengine. Kuahirisha ni rahisi, unazoea kama kunywa chai.

Shangazi amepata kibarua cha kufua nguo za watu. Siku tatu kwa wiki. Siku nyingine anabaki na Kifaranga.

Alhamisi, 10 Aprili

Bosi wangu amenikabidhi mfuko wa bluu umejaa karatasi zilizoharibika. "Lori halipiti, hapa dukani pananuka wino na panya. Toa." Nitoe niupeleke wapi? Ulikuwa mzito na mvua ilikuwa inaanza. Niliufunga kamba mara mbili, fundo langu lile la kupindisha, nikauweka juu ya ile mingine pale mtaroni. Kwa siku moja tu. Lori likipita nitakuwa wa kwanza kuurusha.

Naandika ili nisije nikasema si wangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameanza kuchoma uani. Nyumba ya tatu jana, leo nyumba sita. Moshi mdogo mdogo kila mahali. Nilikwenda kuwagombeza. Yule mama wa nyumba ya tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Sasa mwenzangu, niweke wapi?" Nikasema halmashauri inalishughulikia. Sauti yangu mwenyewe ilinichefua.

Kikohozi: mara tano.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechoma mimi.

Nieleze. Ndoo ya jikoni ilikuwa na siku tisa. Funza walikuwa wameanza kupanda ukuta. Shangazi alikuwa anachambua zake, maganda kwenye shimo alilochimba nyuma ya choo, chupa kwenye gunia, lakini mimi najifanya sina muda, nachanganya vyote kwenye ndoo moja. Ilipofika saa kumi na moja jioni, mvua imekatika, nilimwaga ndoo nyuma ya nyumba, nikatia mafuta ya taa kidogo, nikawasha. Katibu wa kamati! Nilisimama na kijiti nachokoa moto usizimike, na fulana yangu ya kijani mwilini. Maganda mabichi hayawaki, yanatoa moshi mzito mweupe wa kunata. Ukaingia dirishani. Nikasikia Kifaranga ndani anaanza.

Nilizima kwa maji ya kufulia. Tayari alishakohoa mara kumi na nne, na mpaka naandika hapa zimekuwa kumi na sita. Shangazi alimpaka mafuta kifuani. Hakuniambia neno hata moja, na ningependa sana angeniambia.

Jumatano, 16 Aprili

Kikohozi: kumi na moja. Mvua kutwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Kikohozi: kumi na tatu. Mvua. Maji ya mtaro yamesimama, hayaendi. Shangazi alikwenda kuyaangalia, akarudi akaweka miguu ya kitanda juu ya matofali. "Hilo kalavati limekabwa," alisema. Nikasema nitamwambia Spika kwenye kikao.

Jumatatu, 21 Aprili

Nina siku tatu sijaandika. Naandika nikiwa zahanati, kwenye benchi.

Jumamosi mvua ilianza saa sita mchana. Nilikuwa dukani, nachapa kadi za mwaliko, na mabati yalipiga kelele mpaka sikumsikia mteja. Nilitazama nje nikaona barabara imegeuka mto wa rangi ya chai ya maziwa, unateremka. Unateremka kwetu. Sikuaga. Nilikimbia na kalamu mkononi.

Juu ya mtaa maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Katikati, magotini. Kwetu yalikuwa kiunoni, na yalikuwa yanapanda, kwa sababu kalavati halikupitisha hata kikombe. Mlango wetu unafunguka kwa nje. Maji yameuegemea, Shangazi anausukuma kwa ndani haufunguki, mimi nauvuta kwa nje haufunguki. Dirisha lina nondo. Nilichungulia. Alikuwa amesimama juu ya meza, meza juu ya kitanda, Kifaranga shingoni mwake, kichwa cha mtoto kimegusa dari. Maji yameshapita kitanda.

"Usilie," Shangazi aliniambia kupitia nondo. "Nenda kwenye kalavati."

"Siwaachi!"

"Ukilia hapa yatapungua? Nenda kalavatini!"

Nilikwenda. Spika alikuwa ameshafika kabla yangu. Nimwandike kwa haki: alijitosa akiwa na aproni yake ya kinyozi, maji shingoni, akapiga mbizi kwenye uchafu ule, akaibuka na godoro. Ile sauti yake yote, na hakusema neno. Tulijipanga watu ishirini tukapokezana. Godoro, matambara, nepi, nepi, nepi, chupa, ndoo iliyopasuka, mifuko ambayo si ya mtu. Nilivuta mfuko wa bluu. Niliujua kwa fundo kabla ya rangi. Ulikuwa umekaa mdomoni kabisa mwa kalavati, umeshiba, umekaza kama kizibo. Spika aliushika upande wa pili, tukavuta pamoja, ukatoka, na maji yakaguguma yakaanza kuondoka.

Mlango ulipofunguka nilimpokea Kifaranga. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Shangazi alishuka mezani akakanyaga chini ya maji, akasema "Aa," taratibu tu. Chupa iliyovunjika, imeingia unyayoni mpaka katikati. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na guu lililoumia ni la mkuu mwenyewe.

Maji yalipokauka nilirudi kuufungua ule mfuko. Nilitaka kuona. Fundo lilikuwa zuri, karatasi za katikati hazikulowa hata kidogo. Zilikuwa kumbukumbu za kikao chetu cha kwanza, zile nakala zilizotoka na mstari mweusi pembeni nikazirudia. Nakala thelathini. Kila moja inasema litajadiliwa kikao kijacho.

Kifaranga amelazwa. Homa ya mapafu.

Jumanne, 22 Aprili

Muuguzi ameomba daftari. Alilisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kinashuka.

"Sijawahi kuona mzazi aliyeandika hivi," alisema. Nilijisikia vizuri kwa sekunde moja. "Hapa tarehe mbili, hakuna. Hapa tarehe kumi na nne, ghafla mara kumi na sita. Kulitokea nini?"

"Nilichoma taka."

Hakunigombeza. Alichukua kadi ya mtoto akaandika: moshi wa nyumbani. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza. Nimepiga kelele miezi miwili dhidi ya moshi, na kwenye kadi ya mwanangu moshi uliotajwa ni wangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Amekula uji nusu kikombe. Kikohozi: tisa, chenye makohozi. Muuguzi anasema ni heri yatoke.

Jumapili, 27 Aprili

Tumemrudisha nyumbani. Kuta zina mstari wa tope usawa wa kifua changu.

Jioni nilimsafisha Shangazi kidonda. Kimevimba, kinanuka. Nimepiga magoti, mguu wake mapajani mwangu, nikamwambia anisamehe.

"Shika mguu vizuri, unanitonesha."

"Shangazi, nisamehe."

"Nimesikia." Aliutazama mstari wa tope ukutani. Kisha akasema, "Miaka yote ile nimeinama kule, nilikuwa nasema, huyu atakaa kwenye kiti, atashika kalamu. Ataandika. Ukashika kalamu. Ukaniandika mjumbe mmoja."

Nililia kwa sauti, sikujali majirani. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniambia maji yamepoa, nikachemshe mengine.

Alhamisi, 1 Mei

Nimejifunza kuchambua. Yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu juu ya kigoda, ananielekeza kwa fimbo. Mafungu matatu. La kwanza maganda na mabaki, yanaingia shimoni na udongo juu, hayachemki wala hayanuki. La pili vikavu, chupa, karatasi, plastiki ngumu, hivyo vina wanunuzi na anawajua wote. La tatu analiita "visivyo na kwao". Nepi, vifuko laini, viraka vya sponji.

"Hivi vinakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Ndicho nilichowauliza nyie."

Nilitapika mara mbili. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumatatu, 5 Mei

Nilikwenda kwa Bwana Afya na ukurasa mmoja: atufungulie kona ya jaa kwa ajili ya mashimo ya maganda na banda la vikavu, na lori lipite mara moja kwa wiki kuchukua visivyo na kwao. Aliusoma mara mbili, akavua miwani.

"Mbona hamkuniletea hii Machi?"

Nikasema ilikuwa kwenye mengineyo. Hakuelewa, na sikumweleza. Kona atatufungulia. Lori hakuahidi.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao. Niliandika ajenda upya, ya kwanza: mengineyo.

"Katibu, mengineyo huwa mwisho," Spika akasema. "Ndiyo maana yakaitwa mengineyo."

"Leo ndiyo ya kwanza."

"Watu wamekuja kupanga maandamano. Tukaikamie halmashauri mpaka walete jaa jipya, mbali huko."

"Mbali huko kwa nani? Huko hakuna mtoto?"

Akatazama chini kidogo. Si mtu mbaya, nilimwona majini. "Umepoa, Katibu. Moto wako umekwenda wapi?"

"Moto wangu ndio uliomlaza mwanangu," nikamjibu.

Nikaeleza mafungu matatu. Nikauliza nani atakuja Jumapili na jembe. Mia nne walikuja kukaa chini mbele ya malori. Kuchimba mashimo, walinyoosha mikono tisa. Mmoja wao ni yule mama wa nyumba ya tatu.

Kikohozi: sita.

Jumapili, 11 Mei

Tisa walikuwa saba. Tumechimba mashimo mawili. Malengelenge.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Shimo moja limejaa maji, tumeanza upya. Kikohozi: nne.

Jumapili, 18 Mei

Spika alikuja. Alisimama pembeni kwanza, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kisha akavua saa. Anachimba vibaya sana, anachimba huku anahutubia. Aliniuliza hivyo visivyo na kwao vitafanywaje. Nikamwambia panahitajika lori mara moja kwa wiki, na Bwana Afya hajaahidi. Macho yake yakawaka. "Hapo sasa! Hapo nipe mimi." Nimemchapia bango: LORI MOJA, KILA JUMATANO. Halina vina, amelalamika.

Jumatano, 21 Mei

Waliandamana watu sitini. Mimi sikwenda, nilikuwa shimoni. Niliisikia sauti yake kutoka huku na nikafurahi kuisikia.

Jumatano, 28 Mei

Lori limekuja! Limechukua visivyo na kwao vya nyumba kumi na nane. Nyumba nyingine bado zinachoma.

Jumatano, 4 Juni

Lori halikuja.

Ijumaa, 6 Juni

Hakujanyesha siku tano. Tope la ukutani limekauka, linadondoka lenyewe. Kidonda cha Shangazi kimefunga, lakini vidole viwili havikunji na muuguzi anasema ndivyo vitakavyokaa. Kuinama anaweza, kutembea juu ya taka hataweza tena. Anaendesha banda la vikavu akiwa amekaa kwenye ndoo yake, na watu wazima wanamletea gunia huku wameshika pumzi kama watoto wanaokaguliwa kucha.

Leo jioni aliniambia nilete kumbukumbu za kikao cha jana nimsomee kabla sijazichapa. Alikaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Nilisoma.

"Ajenda ya kwanza. Shangazi, msimamizi wa banda, aliuliza: visivyo na kwao, lori lisipokuja, vitakwenda wapi?"

"Rudia."

Nikarudia.

"Hapo umekosea."

Nilitazama karatasi. Nilidhani ni cheo, nilidhani ni jina. "Wapi, Shangazi?"

"Umeandika 'aliuliza'. Aliuliza ni mtu aliyemaliza, akajibiwa, akaenda zake." Akaninyooshea kalamu. "Andika 'anauliza'."

Nimefuta. Nimeandika.

Kikohozi: mara mbili, asubuhi. Hewa: safi, na moshi kidogo kutoka nyumba ya sita. Kesho nitakwenda kwao na ndoo tatu.